Mbuzi wa Nyiransabimana na Pongo wa Parke

Nyiransabimana hakumwamini mtu. Ukimsalimia asubuhi, alijiuliza kwanza unataka kujua nini. Akinunua maharage, alizamisha mkono mpaka chini ya kikapu, kwani juu kila mtu huweka yaliyo mazuri. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni roho mbaya tu. Sasa nimekua, nimeuza sokoni, nimeolewa, na naona yule mama hakukosea sana.

Aliishi Majengo, hapa Goma, katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Mume wake, Hategekimana, alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, akafa kwa homa. Enzi hizo mwanamke hakukaa mjini hivi hivi. Alikaa kwa karatasi ya mume. Mume akifa, karatasi nayo imekufa. Kwa hiyo Nyiransabimana alitakiwa arudi kijijini Kibumba kwa shemeji yake Munyaneza, ambaye alikuwa anamngoja amrithi pamoja na vyombo vyake. Munyaneza alikuwa na mke tayari, na mke huyo alikuwa na pengo la meno ya mbele ambalo hakuzaliwa nalo. Nyiransabimana aliliona pengo hilo siku ya matanga, akaapa moyoni kwamba Kibumba haendi. Akajibanza Majengo na mbuzi wake jike, akawa anauza watoto wa mbuzi huyo ili apate kula, na akawa anamkwepa kila mwenye kofia ya serikali.

Mwenye kofia aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Julien, ambaye ni baba yangu.

Baba alikuwa Munande, mtu wa kabila la Butembo. Kazi yake ilikuwa kuzuia wanyama wasiingie katika bustani za Wazungu kule ziwani. Usicheke, ilikuwa kazi kweli. Ardhi yetu yote ni makoro, yale mawe meusi ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama papo hapo, hupati kijito wala kidimbwi. Basi wanyama wa Parke, ile hifadhi ya serikali kule mlimani, wakishikwa na kiu waliteremka mpaka ziwani, na aliyekunywa maji mbele ya shamba la saladi hakurudi mlimani na njaa. Walikuja nyani, wakaja nguruwe wa porini, lakini zaidi walikuja pongo, wale swala wa vichakani wenye madoa meupe ubavuni. Nyani, baba aliruhusiwa kumtupia mawe. Pongo alikuwa mali ya Parke, kwa hiyo aliruhusiwa kumpigia makofi tu.

Mwaka mmoja ikaliwa bustani ya bwana ajenti, Mzungu aliyesimamia mji. Karoti zilikwenda, saladi ikaenda, waridi zikaliwa pamoja na miiba. Na kwenye makoro mnyama haachi nyayo. Kilichobaki ni mavi, vidonge vidogo vyeusi, na ya pongo na ya mbuzi huwezi kuyatofautisha. Ajenti akakata shauri kwamba ni mbuzi wa Majengo, labda kwa sababu mbuzi ana mwenyewe wa kuadhibiwa. Akamwambia baba amtafute.

Nyumba ya Nyiransabimana ilikuwa ya mwisho upande wa ziwa. Baba akaanzia hapo.

“Mama, mbuzi yako inalalaka wapi?”

“Juu ya nini unauliza? Unataka kuikula?”

“Bustani ya ajenti imelikwa.”

“Na miye njo niliituma?”

Baba alipoondoka, mama yule alikaa akapiga hesabu zake. Ama huyu Munande anamtaka mbuzi kwa sufuria yake, ama ametumwa na Munyaneza aje kumchungulia. Yote mawili alianza kuyaamini kwa pamoja. Baba naye alikuwa na yake: mtu asiye na la kuficha, kwa nini afunge mlango mchana kweupe? Akaulizauliza kwa majirani habari za mama huyo, na majirani wa Majengo ukiwauliza moja wanakuambia kumi.

Nyiransabimana akamlaza mbuzi ndani, kando ya kitanda. Bustani ikaliwa tena. Baba akarudi, akaonyeshwa mbuzi, akaonyeshwa na uchafu sakafuni.

“Uliirudisha asubuhi,” akasema.

Siku iliyofuata Nyiransabimana akaenda mwenyewe mpaka kwenye ua wa ajenti, akaokota mavi, akayafunga katika jani la mgomba. Akamwita baba, akayaweka chini sambamba na ya mbuzi wake. “Nionyeshe gani ni ya mbuzi yangu!” Baba akachuchumaa, akaangalia, akanusa, akashindwa. Mama yule akashangilia, kisha akagundua kwamba ushahidi huo haumsaidii hata kidogo. Hapo hasira ikampanda.

“Kama ni yeye, umufunge weye mwenyewe!”

Akamkokota mbuzi mpaka kwenye boma la mji, mahali pa kufungia mifugo iliyopotea, akamwachia baba kamba. Lakini amwache na nani? Alimfunga mguuni uzi wa kitenge chake, wasije wakambadilisha. Majani alimkatia mwenyewe, wasije wakamtilia kitu. Kutwa nzima alikaa nje ya boma akisuka kikapu, jicho kwa baba.

“Mama, unaniona mwizi?” baba akamuuliza. Ilimuuma kweli.

“Sijakuona bado. Niko nangojea.”

Kabla wiki haijaisha, bustani ikaliwa tena. Ajenti akaja na mabuti yake mpaka bomani, akamkuta mbuzi amelala anacheua.

“Mbuzi hii haina kosa,” akasema. Alijua Kiswahili cha kuamrisha. “Lakini kuanzia mwezi ya mbele, hapana mbuzi Majengo. Yote itoke. Tukiona pembe ndani ya bustani, tutajua ni pongo, hatutapoteza tena wakati.”

Alidhani amesema jambo la haki. Nyiransabimana angepaswa kushukuru na kujiendea zake. Lakini alikuwa ameshinda kesi na wakati huohuo amenyang'anywa mbuzi.

“Na pongo?” akauliza.

“Pongo ni ya Parke.”

“Iko na karatasi ya kukaa mujini?”

Ajenti hakucheka. Alimtazama mama yule vizuri kwa mara ya kwanza.

“Na weye? Karatasi yako iko wapi? Bwana yako ni nani?”

Nyiransabimana akamgeukia baba. Aliona sasa kila kitu kimefika mahali pake: maswali, kurudi kurudi, upole ule wa uongo. Baba alijua yote, kuanzia kifo cha Hategekimana hadi Kibumba. Neno moja lingetosha, na ajenti angempigapiga baba begani kwa kumsifu.

“Ni dada ya muke yangu, bwana,” baba akasema. “Anakaa kwangu.”

Ajenti akawaangalia, Munande wa Butembo na mama wa Kibumba. Kwake Waafrika wote walifanana.

“Basi afunge kinywa,” akasema, akaondoka.

Walipofika kwetu, mama yangu Kasoki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

“Huyu ni dada yako,” baba akamwambia.

“Dada yangu? Tangu lini?”

“Tangu asubuhi hii.”

Mama akamwangalia mgeni, akamwangalia mbuzi. “Dada aingie,” akasema. “Mbuzi ibaki inje.”

Mbuzi tulimla kabla ya mwezi kwisha. Nyiransabimana alimkazia baba macho: sasa atakipata alichokuwa anakitafuta. Baba hakugusa nyama ile, alikula maharage yake. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mtu anayekataa nyama, anataka kikubwa gani? Munyaneza alipokuja kumdai, baba alisimama mlangoni akamwambia kwamba dada wa mke wake hatoki, na Munyaneza akarudi Kibumba mikono mitupu. Hata siku hiyo Nyiransabimana alimuuliza, “Uko unataka nini kwangu?” Baba akamjibu kama kila mara, “Unyamaze muzungu akipita.”

Alikaa nasi mpaka uzee wake, tukimwita mama mkubwa. Baba alipokufa, tuliporudi kutoka makaburini, alinivuta kando.

“Kahambu, baba yako hakukuambia? Alitakaka nini?”

“Hakutaka kitu, mama mukubwa.”

Akaniangalia sana, akitafuta usoni pangu mahali uongo ulipojificha. Hakuuona. Ndipo akakaa chini kwenye makoro akalia kwa sauti, na mimi nikamshika mkono, maana nilielewa kwamba hakuwahi kumshukuru baba hata mara moja.