Nilimpa Muuaji Sababu

Tiii ya simu, kisha kimya kidogo, kisha mtangazaji wa redio: "Uko hewani, dada, tupe yako." Hiyo tiii bado naisikia nikiosha vikombe, na niseme ukweli, bado moyo unaniruka. Mnisamehe. Nilikosa, na nilikosa nikiwa na furaha kubwa.

Mimi ni Mmeru wa mlimani, nina kibanda cha chai na mandazi Bulla Pesa, hapa Isiolo. Shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto sikuziacha huko. Tangu utoto nataka kuwa mtangazaji, nilikuwa nasoma habari kwa mwiko wa ugali. Hiyo stesheni nimeipigia simu mpaka Mama Talaso akaniuliza kama nina mchumba huko.

Mama Talaso anauza maziwa ya ngamia kando yangu. Binti yake, nimwite Talaso ingawa si jina lake, ni rafiki yangu wa roho. Alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji cha Korbesa. Nguo ya harusi mimi nilishachagua kabla ya bibi harusi mwenyewe.

Sasa, asubuhi moja mbaya, mtu aliingia soko la mifugo na bunduki akapiga watu ovyo, naye akauawa papo hapo. Mmoja wa waliokufa ni mzee aliyekuwa mteja wangu, chai bila sukari. Nililia sana.

Lakini baada ya mazishi mji uliacha kulia, ukaanza kuuliza kwa nini. Kibandani nilisikia kila kitu. Ni siasa. Ni malisho. Ametumwa na kabila fulani. Wengine wakasema kichwa kilimruka tu. Watu walikuwa karibu kumwagiana chai. Redio nayo ikafungua simu: unadhani alifanya hivyo kwa nini?

Hiyo siku simu yangu ikashika.

Jamani, nilipanda juu ya kreti ya soda, na sikuwa na la kusema. Utanyamaza aje na uko hewani? Ndipo nikakumbuka: siku moja kabla ya mauaji nilimwona huyo muuaji akiingia ploti ya kina Talaso na kifurushi cha kahawa mbichi, akatoka nacho vilevile. Na Talaso alikuwa amenifundisha kwamba kwao Waborana posa huenda na kahawa. Ikipokelewa, mambo ni sawa. Ikirudishwa, umekataliwa.

Nikasema, "Ni mapenzi. Alikataliwa posa. Mimi niliona kahawa ikirudi, hapa Bulla Pesa, kwa muuza maziwa."

"Kumbe," mtangazaji akasema. "Dada, wewe una habari."

Nilishuka kwa kreti nikicheza. Wateja walinipigia makofi. Nikajiambia hata nimesaidia: si mapenzi ni afadhali kuliko kabila? Nani atalipiza kisasi kwa sababu ya mapenzi?

Kabla ya jua kutua Talaso alikuwa na jina jipya: msichana wa risasi.

Mama yake alikuja akasimama mbele ya jiko langu. Hakupiga kelele. "Intala," akaniita, maana yake msichana, "wewe umeona wapi mtu akipeleka posa peke yake? Bila wazee, bila hata mjomba?"

"Lakini ile kahawa, mama..."

"Alipotea mlango. Kahawa ilikuwa ya mama aliyejifungua ploti ya nyuma. Nikamwonyesha njia, akashukuru, akaenda. Ni hayo tu."

Nilikosa pa kuweka uso. Leo mtu anampelekea mzazi kahawa, kesho anaua. Hiyo nani ataieleza kwa redio?

Watu wa Korbesa wakatuma neno kwamba harusi ingoje kwanza. Akina mama waliofiwa wakaacha kununua maziwa pale. Siwalaumu, aliyefiwa anatafuta pa kuweka uchungu, na mimi niliwaonyesha mlango.

Nilimwendea Talaso. Alisimama mlangoni.

"Ukiongea, ulinifikiria?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafurahi?"

"Sana."

"Angalau leo husemi uongo," akasema, akafunga mlango.

Nikapiga redio nirekebishe. Ilishika, lakini mtangazaji akanikata: "Dada, hiyo mada tumemaliza. Leo tunaongea shida ya maji."

Basi nikafunga leso vizuri, nikaenda mtaa wa Chechelesi kwa shangazi ya mchumba wa Talaso. "Salaam aleikum, shangazi."

"Wewe ndiye ule mdomo?"

"Ndiye mimi."

Nikamwambia yote, hata kreti. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mmeru anatufundisha kahawa! Nyinyi mnaipanda tu, mwanangu." Kisha akaacha kucheka. "Nitapeleka neno Korbesa. Lakini jua, neno la kusafisha linaenda kwa miguu. Lile lako lilipanda gari."

Mpaka leo jibu halijarudi. Mimi bado naota hiyo harusi, hivyo ndivyo nilivyo, siwezi kujizuia.

Ndugu zangu, ukiulizwa kwa nini fulani aliua na hujui, sema sijui, hata kama nchi nzima inasikiliza. Sijui haijawahi kumvunjia msichana harusi. Na sababu tamu ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa maana watu hawaichunguzi, wanaimeza tu.

Jana jioni mtungi wa Mama Talaso ulikuwa bado na maziwa, na watu wanapita upande ule mwingine wa barabara. Nikayanunua yote, nikamwambia ni ya chai ya wateja. Ukweli ni kwamba wateja walikuwa wameenda, na maziwa ya ngamia na tumbo langu la mlimani hayajawahi kupatana. Nikaenda nyuma ya kibanda, nikachuchumaa, nikanywa kikombe baada ya kikombe mpaka yakaisha.