Risasi Nene kwa Nguruwe wa Boko

Shamba letu la ujamaa lilikuwa Boko, enzi hizo Boko ni vichaka vitupu, na waliolifaidi ni nguruwe mwitu. Nililima mihogo pale na wanawake wenzangu, na mihogo hiyo ndiyo niliyoitegemea kulisha wanangu, maana mume wangu alikuwa kibarua bandarini, kazi ya leo ipo kesho haipo. Tukiamka tunakuta matuta yamefukuliwa.

Tukapewa kibali cha kununua bunduki moja. Muuzaji wa mjini alikuwa nazo mbili, zote za kupiga risasi moja moja: ukishapiga unaifungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Moja ilitumia risasi nyembamba, ya wanyama wa kadiri. Nyingine ilitaka risasi nene kama kidole gumba, ya tembo. Kamati ikaazima mfano wa kila risasi, ikaitisha mkutano tuchague kwa kunyoosha mikono.

Sijapata kuona wanaume wazima wakipumbaa vile. Ile nyembamba hakuna aliyeitazama mara mbili. Ile nene waliipimapima uzito, wakaifuta kwa kanzu, nusura waibusu. Mwenyekiti alikuwa kaka wa mume wangu, mtu ambaye silaha pekee aliyowahi kushika ni kisu cha kuchinjia kuku. Akasimama kuhutubia.

"Ndugu zangu, kijiji jirani wana bunduki ya risasi nyembamba. Sie tulingane nao?"

Nikaomba nafasi. "Shemeji, tembo yuko wapi hapa? Sie tunasumbuliwa na nguruwe, tena nyama yake hatuli. Nyembamba zipo tele dukani, mtu atajifunza kulenga. Hizo nene zipo ngapi?"

"Shemeji, mambo ya silaha tuachie wanaume," akajibu, na wenzake wakaangua kicheko. Wanawake tulikuwa wengi shambani, lakini mkutanoni wachache, kwa sababu wengine walikuwa wanalima. Mikono ikapanda, risasi nene ikashinda.

Dukani ilikuwepo pakiti moja tu. Mgambo aliyekabidhiwa bunduki alijaribu kulenga mkorosho. Aliukosa, bunduki ikamtupa chali, bega likavimba, na tangu siku ile hakutaka kuipiga tena. Kamati nayo ikapiga marufuku majaribio, eti risasi zisiishe bure. Zikafungiwa kabatini ofisini pamoja na bunduki yenyewe, na mgambo akaondolewa shambani akalinde kabati. Nguruwe wakala kwa raha zao. Wanangu walishinda na uji mwepesi, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Mavuno yalipowadia, shemeji akaja nyumbani uso umemnawiri. Wakubwa wa wilaya wanakuja kuiona bunduki, akasema, na wanawake tunatakiwa tuchange mihogo ya kuwapikia wageni.

"Mihogo wamemaliza nguruwe, shemeji," nikamwambia. "Wapikieni risasi. Ile nene, itawatosha wote."