Nilivyobeba Maneno ya Kukhu

Fundi wa baiskeli aliye nje ya nyumba yangu hapa Tororo hufungua kopo lake la gundi ya pancha karibu saa tatu asubuhi, saa ambayo mimi huwa nimeshaandika ukurasa mmoja na kuufuta. Harufu ya ile gundi hupita dirishani, kali na yenye utamu kwa mbali, na kalamu yangu inasimama. Wenzangu wanaoandika vitabu vya watoto wakiulizwa walianzia wapi, hutaja maktaba au mwalimu fulani mwema. Mimi hutaja baiskeli, na watu hucheka wakidhani nawatania. Sitanii. Ninyi nitawaeleza, ingawa kuna sehemu ya habari hii ambayo hainipendezi mpaka leo.

Baba yangu alikuwa Japadhola wa kijiji cha Sop Sop. Mama alikuwa Msamia kutoka upande wa Kenya. Tuliishi mji wa mpakani wa Busia, upande wa Uganda, katika chumba kimoja cha ploti ya vyumba sita vilivyobanana kama mandazi kwenye sinia. Baba alikuwa boda boda wa baiskeli. Mchana kutwa alibeba watu kutoka geti la huku hadi geti la kule, akina mama na vikapu vyao, makarani na viatu vyao vya kung'aa, na alirudi nyumbani akinukia jasho na gundi.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama yake Baba alivunjika mkono kule Sop Sop wakati wa kuvuna wimbi, yaani ulezi. Mama akaenda kumsaidia, mdogo wangu akiwa mgongoni. Ili nisikose shule, mama yake Mama akavuka mpaka kuja kunitunza. Huyo tulimwita Kukhu, yaani bibi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake haukuwa na breki.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kwa watu wetu, wa pande zote mbili, mwanamume na mama mkwe wake hawazungumzi ana kwa ana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali nyumba moja. Mkwe akimwona mkwe njiani, mmoja huingia kichakani. Kwa hiyo jirani yetu Mama Nabwire, aliyeuza dagaa sokoni, alimpa Kukhu kitanda katika chumba chake, kilichopakana na chetu. Ukuta wa katikati mwashi alikuwa ameuachia chini ya mabati bila kuufikisha juu, kama walivyozoea kufanya kwenye ploti zile, na kila mtu alikubali kwamba hizo ni nyumba mbili.

Nikawa mimi ndiye njia. Kukhu aligonga ukuta kwa mwiko mara mbili, nami nikakimbia kwake.

“Mwambie baba yako hii chumvi ameleta ni ya ng'ombe ama ya watu?”

Nilizunguka nje, nikaingia kwetu, nikasimama wima mbele ya Baba. “Kukhu anasema chumvi imefika, asante.”

“Ambia yeye mimi naendesha baiskeli, mimi si duka.”

Nikarudi mbio. “Baba anasema kesho atatafuta nyingine nzuri.”

Cha ajabu ni kwamba kila nilipomfikishia Baba ujumbe, alishikwa na kikohozi cha ghafla na kugeukia mlango. Nilidhani ni vumbi la barabarani.

Nilijiona mtu mkubwa, kusema kweli. Maneno yaliniingia na miba yake, yakatoka yamemenywa. Mpaka leo ndivyo ninavyofanya kazi. Naanza na maneno ambayo watu wanasemezana, nayasoma kwa sauti mezani peke yangu, na ndipo baadaye natafuta nyumba ya kuwaweka watu hao.

Lakini sikuyabadilisha kwa mchezo tu. Darasani nilikaa na msichana ambaye baba yake aligombana na wakwe zake. Mama yake aliitwa kwao kwa siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa zimeingia mwaka wa pili. Niliamini kabisa kwamba neno moja kali likimfikia Baba jinsi lilivyotoka, Kukhu angefunga mzigo wake, na mama yangu angeitwa kwao asirudi tena. Nililinda mlango wa kwetu kwa ulimi wangu.

Katika wiki ya pili Kukhu alikanyaga msumari wenye kutu kwenye ubao wa choo cha ploti. Aliuchomoa mwenyewe, akauosha mguu kwa maji ya ile chumvi aliyoitukana, akaendelea na kuchambua mboga. Kesho yake asubuhi mwiko uligonga kabla sijavaa sare ya shule. Mguu ulikuwa umevimba hadi kifundoni na ngozi inang'aa.

“Mwambie baba yako mguu unawaka moto. Anitafutie mtu wa kunipeleka hospitali. Kama ameshindwa, anirudishe kwangu nikafie kwa watu wangu. Umesikia? Sema vile nimesema.”

Baba alikuwa amechuchumaa, anajaza upepo. Niliyasikia tena yale maneno “nikafie kwa watu wangu”. Nilimwona Mama kwenye njia ya kuelekea kwao, mgongo wake tu.

“Kukhu anasema mguu unamuwasha kidogo.”

Pampu ikasimama. Baba akainua kichwa. “Kidogo?”

“Kidogo.”

“Hakuna kitu ingine amesema?”

“Hakuna.”

Baba aliiweka pampu chini. Kabla ya kwenda kazini alileta dawa ya kupaka kutoka dukani, nami nikampelekea Kukhu. Aliitazama ile dawa, kisha akanitazama mimi, mpaka nikaangalia sakafu.

Siku iliyofuata aliyarudia maneno yale yale, neno kwa neno, kwa sauti ya mhubiri wa sokoni. Nilitoka nje nikasimama kati ya milango miwili. Kusema kweli sasa kungekuwa kukiri kwamba jana nilidanganya.

“Kukhu anasema dawa inasaidia.”

Safari hii Baba hakukohoa. “Nyara, fikiria vizuri,” alisema, akiniita binti yangu kwa lugha ya kwao. “Hakuna ingine? Hata moja?”

Nikatikisa kichwa. Baba alikaa kitandani na viatu vyake mkononi. Siku hiyo alichelewa kazini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani kutoka shuleni saa saba kula chakula. Hakuna aliyegonga ukuta. Nilikula viazi viwili nikingoja, kisha nikaenda mwenyewe. Kukhu alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, joto lake nililihisi kabla sijamgusa. Mstari mwekundu ulipanda kutoka unyayoni hadi karibu na goti. Aliniita kwa jina la mama yangu, akaniuliza kama ng'ombe wameshanywa maji. Mama Nabwire alikuwa soko la upande wa pili wa mpaka. Nilikimbia.

Malori yalikuwa yamejipanga barabara nzima, nikapita katikati yake nikipiga kelele kabla hata ya kufika. Ilikuwa siku ya soko na steji ya boda boda ilikuwa tupu. Alibaki Baba na mzee mmoja aliyekuwa anaziba pancha.

“Alisema mguu unawaka moto!” nikasema. “Juzi. Alisema umtafutie mtu wa kumpeleka hospitali, kama umeshindwa umrudishe akafie kwa watu wake. Jana akasema hivyo hivyo. Sikukuambia. Leo hasemi kitu.”

Yule mzee aliacha kazi yake. Baba hakunipiga, hakuniuliza swali. Alikuwa ameshashika baiskeli.

“Wewe, huyo ni mkwe yako,” mzee akamwambia. “Ngoja vijana warudi. Dakika kidogo tu.”

“Zimeisha,” Baba akasema.

Mlangoni kwa Mama Nabwire alisita. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwa amekanyaga chumba ambamo mama mkwe wake yumo. Kisha akaigeuza baiskeli, akaiingiza kinyumenyume, gurudumu la nyuma likitangulia, yeye mwenyewe akiwa ameelekeza uso nje kwenye jua, mpaka keria ikagusa kitanda. Akasimama hivyo, mikono imeng'ang'ania usukani, shingo haigeuki. Nilimvuta Kukhu, naye akajisukuma kwa nguvu zilizobaki hadi akakaa juu ya keria. Nilimfunika uso kwa leso yake. Kisha nikajibana katikati yao, tumbo langu kwenye mgongo wa Baba na mgongo wangu kwenye kifua cha Kukhu, ukuta wa mifupa na sare ya shule.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Baba alihema. Kukhu alichoma mgongo wangu kama jiwe la jikoni. Baada ya shimo la tatu alizungumza.

“Mwambie baba yako anaendesha kama amebeba mihogo.”

Nilivuta pumzi. “Baba, Kukhu anasema unaendesha kama umebeba mihogo.”

“Ambia yeye mihogo haina mdomo.”

Nikageuza shingo, nikasema hivyo hivyo. Nilihisi kifua cha Kukhu kikitikisika mara moja. Halafu uzito wake wote ukanilalia.

“Mwambie,” alisema karibu na sikio langu, “nikifa njiani asinifiche. Amwambie binti yangu ukweli wote.”

Nililia nikisema, lakini nilisema yote. Baba alisimama juu ya pedali na kuendesha hivyo hadi kwenye geti la hospitali.

Walimkata vidole viwili vya mguu. Nesi alisema, bila hasira, kwamba angeletwa siku ya kwanza wangemchoma sindano na kumrudisha nyumbani.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wadi. “Mimi nilisikia yeye,” Baba akasema, akiangalia mikono yake. “Tangu siku ya kwanza. Ukuta haifiki juu. Nilikuwa nangoja wewe ulete.”

“Mbona hukwenda?”

“Alituma wewe, hakutuma mimi. Nikijibu maneno sijaletewa, atajua mimi nasikia yeye, usiku na mchana, hata akivaa nguo, hata akiomba Mungu. Atakaa pale na aibu gani?” Akafuta uso kwa kiganja. “Nilikosa, nyara. Ningevunja tu.”

Wazee wa kwao Kukhu walimtoza Baba mbuzi kwa kumbeba mkwe wake, akampeleka bila kubishana. Nami nilimkasirikia kwa miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima nilimwona kama mwanamume aliyeuweka mguu wa mama mzima kwenye ulimi wa mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya adabu. Hasira hiyo ilinifaa. Ilikuwa na mtu mmoja wa kubebeshwa, na hakuwa mimi.

Kisha mwaka jana niliandika sura ambamo msichana amesimama chumbani akidanganya, na bibi yake yuko upande wa pili wa ukuta. Nikaanza kuisoma kwa sauti, kama kawaida yangu, na ikabidi nijiulize yule bibi anasikia nini. Niliweka kalamu chini. Kama Baba alimsikia Kukhu, basi Kukhu alinisikia mimi. Alilala pale na mguu wake, akanisikia nikisema “kidogo”. Kesho yake aliyarudia maneno yake kwa sauti kubwa, na sasa najua hakuwa anamwambia Baba. Alikuwa ananipa nafasi nyingine. Akanisikia tena.

Siku ya pili ya hospitali Mama alifika kutoka Sop Sop, miguu imejaa vumbi, mtoto mgongoni, akiuliza watu wote kwa pamoja nani alikuwa wapi hadi mambo yakafika hapo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nikiwa nimeshika viatu vya Kukhu, nikingoja anitaje.

“Ni mimi,” Kukhu akamwambia. “Nilichelewa kusema.”

Nilidhani ni homa imemsahaulisha. Nilifurahi.