Nyumba Haiangushwi, Inafunguliwa

Nilienda kuchukua nyumba yangu kwa pusupusu la kuazima, mkokoteni wa kusukuma. Usicheke, rafiki. Kwetu Kamina nyumba ilikuwa kitu cha kubebwa, na ile ninaijua tofali kwa tofali, kwa sababu niliibeba nikiwa mtoto.

Wakati ule tulikaa karibu na reli. Siku moja tuliambiwa nyumba zote zilizosogelea njia ya treni zihame. Majirani walilia. Nkambo, mama ya mama yangu, yeye alifunga kitambaa kiunoni, akajaza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo, akaita wamama wa kanisa. "Nyumba haiangushwi," alisema. "Inafunguliwa."

Maana alijenga kwa matofali ya kuchoma, lakini kati ya tofali na tofali hakuweka simenti. Aliweka udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata kama bukari, ugali wa muhogo. Simenti, alisema, ni ndoa ya watu wabaya: mkitaka kuachana lazima mvunjane. Udongo unaulowesha, unangoja kidogo, tofali linatoka zima.

Malata ya paa yalishuka kwanza, halafu mbao, halafu mlango wa mulombwa, mti mgumu, pamoja na fremu yake. Mjomba, kijana wakati ule, aliubeba mgongoni mpaka parseli mpya, kiwanja tulichohamia, akijisifu njia nzima. Sisi watoto tulipangwa mstari, tofali linapita mkono kwa mkono likiwa bado na joto la jua. Nkambo alikaa mwishoni na kipande cha chuma, anagonga kila moja. Lililo zima liliimba. Lenye ufa lilikohoa, na sisi tukacheka. Hata la kukohoa halikutupwa. Lilipondwa kwenye kinu kikuukuu, likaenda kuwa sakafu. Udongo wenyewe tuliurudisha shimoni, tukaumwagia maji, tukaukanyaga tena, matope mpaka magotini, huku harufu ya sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu wa Kinkondja ikitutesa matumbo. Tulipomaliza kujenga upya, uchafu wote uliingia kikapu kimoja. Nacho Nkambo alikimwaga kwenye shina la mgomba.

Katika nyumba hiyo Nkambo aliniachia chumba kimoja. Alisema mbele ya familia nzima, kabla ya kufa, akiwa bado na nguvu za kugombana: parseli ni ya mjomba, akitaka kujenga ya kisasa ajenge, lakini matofali ya chumba cha nyuma na ule mlango ni vya huyu, alikanyaga matope yake. Mjomba aliitika. Mimi nina watoto wawili chini ya bashi, turubai la plastiki, mvua zinakuja, na mjomba mwenyewe aliniambia nije Jumamosi tufungue.

Jumamosi nilikuta uwanja mtupu. Mashine ya barabara ilikuwa inafanya kazi karibu, mjomba akaona ni rahisi, akaiita Alhamisi. Ilisukuma kuta zote, mlango ukiwa ndani yake. Vifusi vilikuwa vimeshapelekwa kuziba mashimo ya avenue, barabara ya mtaa. Mjomba alisimama kando ya mifuko yake ya simenti, miwili tayari imeganda kwa unyevu, nayo ya kutupa.

"Mjomba, chumba yangu iko wapi?"

"Aa, mwipwa. Weye uko nalilia udongo? Minyi niko najenga ya dali, chini simenti, juu simenti. Bantu batakuheshimu na weye."

"Bataniheshimu nikilala wapi?"

Dereva wa mashine alikuja kujitetea, mikono imejaa mafuta. "Mama, minyi balinituma kuvunja. Kama balitaka kufungua, bangeita bamama."

"Na haikupotea," mjomba akaongeza. "Si tumejaza barabara? Njo ile mama yangu alipenda, kutumia tena."

Niligeuza pusupusu tupu, nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemuuma.

Redio siku hizi inatufundisha ujenzi usiotupa vitu, kama habari mpya kutoka mbali. Niliizima. Wamama waliojua kufungua nyumba wamekwisha, mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza walikuwa wanajua nini. Vijana wanajua nyundo kubwa. Kila mtaa unapanda simenti, na nyumba za wazee zinaishia korongoni, milango na yote. Usiniambie ni maendeleo. Maendeleo gani yanayomlaza mtoto nje?

Ninakaa kando ya avenue ile ile. Malori yanapita, yanasaga. Vumbi jekundu linaingia chini ya bashi, linakaa juu ya sufuria, juu ya nyusi za mtoto wangu mdogo. Ninapanguza, linarudi. Chumba changu kimenifikia hivyo. Mvua ikianza kitakuwa matope, na hakuna tena wa kuyakanyaga nami.