Jiwe Jeupe Uani Uthiru

Mzee aliyenipa kisu kabla hajanionyesha kitanda amefariki. Habari ilinifikia darasani, hesabu zikiwa ubaoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasumbua katika ukurasa huu wa gazeti la shule, nilikosa mzaha. Msizoee. Mwenyewe angeniuliza, "Mswahili, umemeza ulimi?" na ningelazimika kumjibu.

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni wa Tanga, nimevuka mpaka kuja kusoma Nairobi, na mzee huyo, karani wa reli aliyewahi kufanya kazi na baba yangu, ndiye aliyenipokea kwake Uthiru. Yeye Mluhya na mzee wa kanisa, mimi Mwislamu wa kupenda kula. Kwao mgeni asipochinjiwa kuku ni kama hakufika. Lakini alijua akichinja yeye sitagusa nyama. Mwenyeji mwingine angenikaangia yai langu pembeni na kujiona mwungwana. Huyu aliniwekea kisu kiganjani. "Chinja wewe, tule wote." Kwetu kazi hiyo ni ya babu, mimi sijawahi kuchinja hata panzi. Nikaitikia "Naam" kwa sauti nzito ya mwenye bucha, kisha nikauliza kibla iko wapi, nikitumaini swali litamwokoa jogoo, na mimi pia. Kweli, jioni ile tulikula sukuma wiki. Kesho yake mzee alitoka ofisini akapitia kwa mwalimu mmoja wa madrasa huko mjini, akarudi na jibu, akachimbia uani jiwe lililopakwa chokaa. "Ukiipa milima ya Ngong kisogo na kutazama hii jiwe, hukosei. Sasa hauna sababu."

Nilichinja. Kukata nilikata vizuri. Kushika ndiko kulikonishinda. Jogoo, shingo imeshakatwa, aliniponyoka, akakimbilia barazani, ambako akina mama wa kanisa walikuwa wakijifunza wimbo. Sauti ya kwanza ilipanda juu ya kiti, sauti ya pili ikaingia jikoni. "Huyu alisomea wapi?" mama mwenye nyumba, mke wa mzee, akapaza sauti. Mzee akajibu bila kucheka, "Tanga. Bado hawajafika kwa somo ya mabawa."

Tangu siku hiyo hakuna kuku aliyechinjwa nyumba ile kabla sijatoka shule. Hata kasisi alikaa akinywa chai tupu na kuchungulia njia. "Kuku ingoje mwenyewe," mzee alimwambia. Wenzangu wanaosoma ugenini hunisimulia vikombe vyao vya pekee na meza zao za pekee, wakidhani ndiyo heshima. Inawezekana. Mimi naona ni njia ya adabu ya kumwambia mtu asisahau kwao.

Ijumaa nilitoka shule nikaenda matangani. Ua ulijaa watu, nikajibanza kwenye benchi la wageni, kwa kuwa aliyenileta pale hayupo tena, na sikujua bila yeye mimi ni nani katika nyumba ile. Ndugu yake mzee, aliyefika asubuhi kutoka kwao magharibi, alikuwa ameshika kisu na jogoo. "Watu wana njaa! Mtoto wa wenyewe tunamngojea ya nini?"

Mama akatoka jikoni, macho mekundu. "Shemeji, weka kisu chini. Hapa tunakula sufuria moja, na mwenyewe hakusema tubadilishe." Kisha akaniona. "Na wewe Mswahili! Unakaa na wageni kama nani? Majogoo ni yale, na maji bado hujateka!"

Mkienda kusoma kwa watu, msipime mapenzi yao kwa ulaini wa kitanda. Angalieni kama kuna kazi inayowangoja nyinyi tu, na kama mkichelewa kuna mtu atakayewafokea. Mimi niliinuka, nikaipa Ngong kisogo, nikatazama jiwe la mzee, nikasema Bismillahi. Na mabawa, safari hii, niliyashika.