Ng'ombe wa Skrini ya Mwanzo

Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata kopo la sukari ninalilalia. Si uongo. Nilizaliwa na macho ya kushuku, na miaka ile ya vita haikunifundisha kuyafumba. Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, ilijaa watu waliokimbia kutoka upande wa Nyunzu, na mimi sikuweza kujua yupi amekimbia na yupi amekuja kuwatafuta waliokimbia.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa. Nilikuwa na kibanda cha mbao karibu na soko, meza moja, na kompyuta ambayo sote tuliiita mashini. Nilichapa maombi ya kazi, matangazo ya kanisa, mialiko ya maulidi ya Waislamu wa kando ya ziwa. Virusi kutoka kwenye flashi za wateja vilikwisha kuniulia mashini ya kwanza, kwa hiyo shemeji yangu, fundi wa mambo hayo, aliniwekea programu ya kuandikia isiyo na mapambo yoyote. Juu yake akabandika kiongezi, yaani programu ndogo inayoiongezea ile kubwa uwezo. Hiki kilikuwa cha skrini ya mwanzo. Ukifungua, kabla hujaandika neno, unaona kazi zako za mwisho zimepangwa kwa namba. Unabonyeza namba, kazi inafunguka. Betri ya mashini ilikuwa imekufa na umeme wetu ulikatika ovyo, basi nilikipenda sana kile kiongezi.

Sehemu ya juu ya skrini hiyo unaitengeneza upendavyo, kwa maneno au kwa mchoro wa alama za kibodi. Shemeji alisema wengi huweka salamu. Mimi niliweka kwa herufi kubwa: USIGUSE MASHINI.

Mchana mmoja akaja mwanaume wa miaka thelathini hivi, koti limefungwa mpaka shingoni kwenye joto lote lile, akitaka kuchapiwa ombi la kazi. Koti peke yake lilitosha kunikosesha raha. Kabla sijamwuliza hata jina, umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, skrini ya mwanzo ikafunguka, naye akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mama, samahani. Hii kazi ya tatu, mwenyewe njo nani?"

Kazi nilikuwa nikiziita kwa jina la baba wa mteja. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mkimbizi aliyeishi kambini, ng'ambo ya mto Lukuga. Wiki iliyotangulia alikuwa amekaa pale pale akinitajia, kwa sauti ya chini, watu waliochoma kijiji chao. Nikayachapa yote, yapelekwe kwa kamati iliyokuwa ikikusanya ushuhuda. Na mji mzima ulijua kwamba wachomaji wanawasaka waliosema.

"Kazi ya watu haiulizwi, Papa," nikamjibu.

"Hilo njo jina la baba yangu. Natafuta dada yangu."

Ametoka kulisoma jina kwenye skrini yangu sasa hivi, na tayari limekuwa la baba yake! Nikamwambia mashini ina ugonjwa, arudi kesho. Alipoondoka nilikitukana kile kiongezi, nikamtukana na shemeji, kisha nikafunga kibanda na kwenda kambini.

Yule mama alinisikiliza huku akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. Nilipomaliza, akayaweka kando.

"Niko na kaka mumoja," alisema. "Vita ya kwanza ilituachanisha. Yeye alibaki Pepa kwa mujomba, alikuwa angali mutoto. Hata akisimama hapa, siwezi kujua uso wake."

"Na kama si yeye?"

"Kama si yeye, wamekuja kuniua."

Boti ya Kigoma ilikuwa iondoke siku ya pili yake, na alikwisha kuamua kupanda na wanawe. Akipanda, na yule mtu akawa kweli kaka yake, basi amempoteza mara ya pili. Akibaki, na yule mtu akawa mwingine, basi. Nilimwuliza ni kitu gani ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Akafikiri, akasema baba yao alichunga ng'ombe wa watu kule Pepa, na katikati ya kundi alikuwa na ng'ombe wake mmoja tu, mwenye pembe moja. Nyingine ilivunjika.

Angekuwa mtu mwingine angemwuliza yule bwana moja kwa moja. Mimi, hapana. Swali linamfundisha mwongo ajibu nini. Asubuhi nilifuta USIGUSE MASHINI, na mahali pake nikachora ng'ombe kwa mistari na mabano. Kichwa, macho mawili, na pembe mbili nzima. Yule mama nilimkalisha nyuma ya turubai lililogawa kibanda, nikamwambia asikohoe.

Bwana wa koti alikuja. Nikaigeuza mashini imtazame.

"Mwenye kazi ile amesema kama wewe ni ndugu yake, hii utaitambua."

Aliangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Nilijua atasema ndiyo, njo ng'ombe yetu, na nilikuwa tayari na uongo wangu, kwamba dada yake amehamia Moba.

"Hapana," akasema. "Hii si ya kwetu. Ya kwetu ilikuwa na pembe moja."

Akaigusa pembe ya pili kwenye skrini.

"Mimi njo nilivunja ile ingine, na jiwe. Baba alipouliza, dada akasema ni yeye. Alipigwa, Mama. Alipigwa vibaya, na mimi niko naangalia."

Habari ya kipigo sikuwa nimeambiwa. Ingefaa nitosheke hapo, lakini sikutosheka. Nikawaza labda ameisikia njiani, maana watu wanapiga domo sana kambini.

"Ng'ombe alikuwa wa rangi gani?" nikauliza.

"Mama, inatosha!" Turubai likavutwa, na yule mama akatoka. Hakumkumbatia. Alimpiga kofi la begani, la pili, la tatu, huku machozi yakimtiririka. "Fimbo zile zilikuwa zako! Zote zilikuwa zako!"

Kaka mtu alisimama tu akapokea makofi, kisha akakaa chini kwenye vumbi, akashika miguu ya dada yake na kulia kwa sauti. Nami nililia, huku nikijikasirikia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na watu wa soko wanachungulia.

Boti ya Kigoma iliondoka bila yule mama na wanawe. Mimi niliizima orodha ya kazi kwenye skrini ya mwanzo, isionekane tena kwa jicho la mtu. Ng'ombe nilimwacha, ila nilimfuta pembe moja, kaka mtu akiwa amesimama nyuma yangu akinielekeza mpaka aliporidhika.

Siku ya kupanda milimani kurudi kwao Pepa walipita kuniaga, watoto wamebeba vifurushi. Yule mama alinishika mkono akacheka.

"Vita itaisha siku moja, Mama. Lakini weye je?"

Nilisimama mlangoni nikawaangalia mpaka walipokata kona, kisha nikabaki hapo kitambo, nikihakikisha hakuna mtu aliyewafuata.