Bima ya Matembezi

Jina la Mama Robota alipewa na wapagazi wa sokoni, enzi zile alipokuwa akilikumbatia robota la nguo za watoto na kulishusha garini mwenyewe, wao wamesimama wanamtazama. Lilikuwa jina la sifa. Robota lilipokuja kumvunja nyonga, jina halikubadilika, ila waliolitamka walianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Yeye aliitika vilevile. Ukikataa jina la utani, umelikoleza.

Siku hizi hasafiri. Hukaa kwenye kigoda katika chumba cha nyuma ya duka, mguu mmoja ameunyoosha, akichambua magauni: yenye kasoro huku, mazima kule. Duka limekonda. Bidhaa za kununua kwa watu wa kati hazina faida, kila mtu anajua, kwa hiyo binti yake alikata shauri kwenda mwenyewe ng'ambo kwa wauzaji wa jumla, kama mama yake alivyokuwa akienda. Viza na tiketi alijua atapata. Kilichowakalisha mama na mtoto bila kusemezana asubuhi nzima ni bima ya safari.

Jana yake walikuwa wamekwenda kwa wakala wa bima, kijana mpole mwenye ofisi ya mlango mmoja juu ya duka la rangi. Aliwaeleza bila kuzunguka. Ipo bima ya matembezi, bei nafuu, ya mtu anayekwenda kushangaa mji na kurudi. Ipo ya biashara, bei inauma, ya mtu anayekwenda kufanya kazi. Binti akauliza kama homa ya mtalii na homa ya mfanyabiashara si homa moja. Wakala akacheka, akasema homa ni moja, lakini mtalii hategemewi kuvunjikia ghalani. Binti akasema watafikiria.

Hakuwa na la kufikiria. Wanawake wa soko lile husafiri kwa kundi, na kundi lina sharti lake: kauli moja. Viza moja, bima moja, jibu moja kwenye dirisha la uhamiaji, kwamba wote wamekuja kutembea. Anayejibu ni kiongozi wao, ambaye kwa kazi hiyo wanamwita Msemaji. Wengine hutikisa vichwa. Aliyekuja kutembea haulizwi mengi, wala hapotezi siku kusubiri mihuri. Akitokea mmoja na karatasi za biashara, wenzake wote wanaonekana waongo. Ndiyo maana mtu wa kundi hukata bima ya matembezi hata kama pesa ya ile nyingine anayo.

Mama Robota aliishika kauli hiyo miaka yote, na alikuwa nayo siku aliyoangukiwa. Ilikuwa ndani ya ghala, marobota yamepangwa hadi darini, mpagazi mmoja akavuta la chini. Hayo binti aliyajua. Yaliyofuata hakuyajua.

Mchana huo Msemaji aliingia dukani na manukato yake, akampapasa binti mashavu, akamwita mwanangu, akaulizia pasi ya kusafiria aipeleke kuombea viza pamoja na za wenziwe. Binti alimwita mama mdogo tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa akimsuka, ndiye aliyemletea viatu vya shule mama yake alipokuwa amelala kitandani. Akainuka kuifuata pasi.

"Kaa kwanza," alisema Mama Robota. "Shoga, mwambie mtoto ulivyoijibu ile simu."

Msemaji akajifanya hamnazo. Akaligeuza gauni moja, akasifu mshono. Kisha akasema shoga yake ana moyo wa jiwe, mambo yamekwisha ota nyasi bado anayapalilia.

"Wewe yamekuotea nyasi. Mimi yameniotea mfupa, tena umekwenda upande. Mwambie."

Kisha Mama Robota akasema mwenyewe, bila kupandisha sauti, huku akiendelea kuchambua. Hospitali iliwapigia watu wa bima. Watu wa bima wakauliza mtalii anatafuta nini ghalani, wakakataa kulipa. Hilo hakuwalaumu, yeye ndiye aliyewaambia anakwenda kutembea. Hospitali ikaomba basi namba ya mwenzake yeyote, aje akae naye, amsemee, maana lugha ya pale haijui. Akawapa namba ya Msemaji. Muuguzi akapiga mbele yake, simu akaiwekea kipaza sauti. Msemaji aliulizwa kama anamjua mwanamke huyu. Akasema hamjui.

"Siku ya tatu mlirudi nyumbani," alisema. "Mimi nikabaki ukumbini mwa hospitali, mguu umefungwa kwa ubao, hadi marehemu baba wa mtoto huyu alipouza kiwanja. Daktari akaniambia mfupa umekwisha jishika ulivyotaka wenyewe."

Binti alimtazama mama yake mdogo, naye Msemaji kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kuweka mikono.

"Ningesema nakujua, wangetukamata wote," alisema. "Kulikuwa na wenye watoto wa kunyonya nyumbani. Nilipima."

"Ulipima, nikawa mwepesi," alisema Mama Robota.

Binti akauliza swali lake polepole, kama anayeomba akanushiwe. "Na mimi, mama mdogo? Wakikupigia wakakuuliza mimi ni nani?"

Laiti Msemaji angedanganya, huenda binti angeichukua pasi akampa, maana alimpenda. Lakini mwanamke yule, na ubaya wake wote, hakuweza kumdanganya mtoto aliyemsuka.

"Usikae chini ya marobota, mwanangu," alisema mwishowe. "Wewe simama mlangoni."

Hapo binti akaelewa. Akasema atakata ile ya biashara. Msemaji akamjibu kwa upole kwamba kwa kundi basi hana kiti, si kwa chuki, ni kazi. Na peke yake kule watamchuna kwa bei. Akajifunga mtandio akatoka. Mama Robota alikuwa ameingoja siku ya kumwona shoga yake akiinamisha uso. Ilipokuja hakuona utamu wowote. Alisikia nyonga tu.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote?" binti aliuliza, machozi yanamlenga.

"Ulikuwa na mama mdogo mmoja tu. Nilishindwa kukunyang'anya."

Kesho yake walipanda ngazi za duka la rangi, mama akishika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Wakala akauliza safari ni ya nini, na binti akamwambia yote kama yalivyo: ataingia maghalani, atachagua mzigo, atasimamia upakiaji. Mama Robota hakujua kusoma, akaomba asomewe palipoandikwa kuhusu kuumia kazini. Akaomba tena. Kijana akarudia bila kuchoka. Bei ilipotajwa, binti alifumba macho kidogo, akalipa.

Kisha wakala akauliza ni nani wa kupigiwa likitokea la kutokea. Kabla ya jana binti angemtaja mama mdogo bila kufikiri.

"Andika mama," alisema.

Mama Robota akautazama mguu wake. Akamuuliza kijana mtu asiyeweza hata ngazi hizi atafikaje ng'ambo. Wakala akamjibu kwamba si lazima afike. Watakaopiga watataka kujua tu kama anamjua mwenye bima, na mengine watayafanya wao.

Akakitoa kijisimu chake kifuani, akakifuta kwa khanga, akampa wakala asome namba.

"Niandike," alisema. "Wapige saa yoyote. Mimi namjua."